Nguvu Zimekataa Kuhama

Jumanne, 6 Januari

Mvua. Nimerudi jimu baada ya sikukuu na kila kitu kinaniuma isipokuwa kope. Amandeep, kocha wetu, ametuambia mwaka huu tuandike tunavyojisikia, si kilo tu. Basi ninavyojisikia ni hivi: nimechoka, nimelowa, na basi la kurudi nyumbani Hodge Hill, hapa Birmingham, limenipita nikiwa nimeinua mkono.

Niandike na jambo lenyewe, nisije nikajidanganya baadaye. Tarehe 28 Machi kuna mashindano ya wanawake ya kusukuma chuma kwenye benchi, katika ukumbi mmoja kule Great Barr. Nimejiandikisha. Unalala chali, unashusha chuma hadi kifuani, unakituliza hapo mpaka mwamuzi akupe ruhusa, ndipo unasukuma. Nataka kusukuma kilo sitini. Uwezo wangu ni hamsini na tano, na hapo nimekwama tangu Oktoba.

Mume wangu Jairus ameuliza kwa nini sitini, na kwa nini mimi. Nilimwambia: karo ya chuo nililipiwa kwa harambee. Tiketi ya ndege, harambee. Harusi yetu ilikuwa na wanakamati wengi kuliko wageni. Kazi ya kutunza wazee nilitafutiwa na binamu, nyumba tukaonyeshwa na watu wa kanisa, hata kitanda tunacholalia kilipandishwa ngazi na wanaume wa kanisa wakiimba. Sina ubaya na harambee. Lakini nina miaka arobaini na moja na sijawahi kuinua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekishika. Jairus akasema basi niinue ile sufuria ya maharagwe jikoni, akacheka peke yake.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua bado. Leo ilikuwa zamu ya benchi la kuinuka, lile lililonyanyuliwa upande wa kichwa, mtu anasukuma akiwa ameegemea kama mgonjwa anayengojea uji. Mpango wa Amandeep ni huu: Jumanne nasukuma nikiwa nimeshika chuma mikono karibu karibu, Alhamisi benchi la kuinuka, na Jumamosi benchi lenyewe la mashindano. Mikono ya karibu inaimarisha misuli ya nyuma ya mkono, benchi la kuinuka linaimarisha mabega, na nguvu hizo, anasema, zitahama zenyewe hadi Jumamosi. Hilo neno la kuhama nililipenda. Mimi nilihama na nikafika.

Jumanne na Alhamisi jioni jimu hii ya Ladywood huwa ya wanawake peke yetu, na saa hizo Amandeep anafundisha darasa chumba cha pili. Anayesimama nyuma ya kichwa changu ni Falis. Falis ni wa Garissa, akapitia Uholanzi miaka mingi kabla ya kufika hapa. Anapika katika shule moja na ana watoto watano. Hashindani na mtu. Anasema anakuja jimu kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayemwita mama. Ninaposukuma yeye ndiye spotter wangu: kazi yake ni kuweka mikono chini ya chuma bila kugusa, kikinishinda anidakie.

Nikifika pale pagumu, katikati ya njia, hufumba macho. Amandeep amenikataza lakini macho hayanisikii. Nasikia tu sauti ya Falis: "Ni wewe, Peninah, ni wewe, maliza." Na ninamaliza.

Jumamosi, 10 Januari

Benchi lenyewe, na Amandeep. Hamsini na tano, mara moja, kwa taabu. Falis huwa hayupo Jumamosi, anapeleka watoto madrasa.

Jumanne, 20 Januari

Mikono ya karibu: hamsini na mbili na nusu. Imepanda. Nilimtumia Amandeep namba kwenye simu kabla sijavua viatu.

Jumamosi, 24 Januari

Hamsini na tano. Hamsini na saba na nusu imegoma nusu ya njia, ikarudi kunikalia kifuani hadi Amandeep akaja kuiondoa. Yeye hasemi "ni wewe." Anasimama tu amenyamaza, na chuma kikianza kurudi chini ndipo anakishika.

Jumapili, 25 Januari

Leo nimejifunga mwenyewe. Kanisani, wakati wa mahitaji ya maombi, nilisimama nikitaka kuombewa bega. Mdomo ukaenda zake ukataja mashindano, na tarehe, na kilo sitini. Mchungaji Kimani akauliza hiyo ni nini kwa gunia la mahindi. Nikasema theluthi mbili ya gunia. Kanisa likaguna kwa heshima.

Kabla chai haijamiminwa, Orpha, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa ameshaunda kamati ya usafiri. Basi dogo, pilau, chai ya chupa. Kamati! Nilisimama hapo na kikombe changu, nikaona hata hili limeshashikwa na watu wengi.

Alhamisi, 29 Januari

Barafu asubuhi, matope jioni. Benchi la kuinuka, arobaini na saba na nusu. Imepanda. Falis alinipiga mgongoni kwa furaha hadi nikakohoa.

Jumamosi, 31 Januari

Hamsini na saba na nusu imegoma. Pale pale, katikati.

Jumatano, 4 Februari

Kazini kutwa. Mzee Whitlock wa Great Barr, yule aliyepata kiharusi mwezi wa Septemba, amefunga vifungo vyote vya shati leo mbele yangu. Mkono wake wa kulia bado mzito. Mtaalamu wa viungo ametuagiza tumwache ajifungie mwenyewe, ili vidole vikumbuke kazi. Niliandika kwenye ripoti kwamba amefunga vyote. Angalau kuna mtu mmoja Birmingham hii anayepiga hatua.

Alhamisi, 5 Februari

Benchi la kuinuka, hamsini! Sijawahi.

Jumanne, 10 Februari

Mikono ya karibu, hamsini na saba na nusu! Falis alisema nikifika sitini atanichinjia mbuzi, ingawa hajui atamchinjia wapi kwenye ghorofa ya sita.

Jumamosi, 14 Februari

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Kila kitu kinapanda ila kile kimoja ninachokitaka. Mikono ya karibu imepanda, benchi la kuinuka limepanda, na benchi la mashindano limekaa pale pale kwenye hamsini na tano tangu Oktoba. Nguvu zimekataa kuhama. Zimefika mpakani zimezuiliwa.

Nimelaumu kila kitu. Nimelaumu viatu, vifundo vya mikono, zamu za usiku, ugali, kuacha ugali. Nikamlaumu Jairus kwa kukoroma. Binti yangu Angeline, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniambia, "Mum, maybe you're just tired," nikamjibu vibaya na sasa naona haya.

Lililoniuma zaidi ni Amandeep. Alitazama namba zangu kwenye simu yake muda mrefu, akasema ni ajabu. Kwa kawaida mtu akishika mikono karibu anasukuma kilo pungufu kuliko akishika kwa upana, na mimi nimesukuma zaidi. Akaniuliza, kwa upole, kama namba za Jumanne ni za kweli. Nilimwangalia. Mimi ni mama wa kanisa, niongope kuhusu chuma? Nilimwambia amwulize Falis, alikuwepo. Akasema basi, anaamini, pengine ni huko kutulia kifuani kunakonishinda, akaniongezea zoezi la kutulia. Nilifanya huku nimenuna.

Jumanne, 17 Februari

Mikono ya karibu, hamsini na saba na nusu tena. Nilipiga picha, kama mtu anayekusanya ushahidi. Falis anaanza kufunga Ramadhani wiki hii. Nilimwambia apumzike, akasema atakuja, hawezi kuniacha na chuma peke yangu.

Alhamisi, 19 Februari

Falis amekuja amefunga, midomo mikavu, amekaa kwenye kiti mpaka zamu yangu. Benchi la kuinuka, hamsini: imegoma. Arobaini na saba na nusu: imegoma. Sielewi. Usingizi nilipata.

Jumanne, 24 Februari

Mikono ya karibu. Hamsini na saba na nusu imegoma. Hamsini na tano imegoma. Tulivuta chuma pamoja hadi kwenye ndoana zake, mimi nikihema, yeye akihema.

"Labda ni hewa," Falis akasema.

Hewa gani? Dirisha lile halijafunguliwa tangu nihamie nchi hii.

Alhamisi, 26 Februari

Imegoma. Njiani kwenda kituo cha basi nilimwambia Falis kwa mzaha, "Wewe ndiye umefunga, mimi ndiye ninayeishiwa nguvu." Nilidhani atacheka, kwa sababu Falis hucheka hata matangazo ya hali ya hewa. Akatazama saa, akasema basi lake linakuja. Halikuwa linakuja.

Jumamosi, 28 Februari

Benchi lenyewe na Amandeep: hamsini na tano, tena kwa urahisi kidogo. Kama nimedhoofika, mbona hii haijadhoofika? Nimebakiwa na mwezi mmoja na mwili unaonifanyia vitimbi.

Jumapili, 1 Machi

Orpha ameonyesha kanisa sampuli ya fulana. Mgongoni imeandikwa 60.

Jumanne, 3 Machi

Nimelia chooni. Sitaandika kilo.

Jumatano, 4 Machi

Ukungu mzito, magari ya barabara kuu ya M6 yanasikika lakini hayaonekani. Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Leo kwa Mzee Whitlock nilipishana na Cheryl, ambaye hushika zamu nisipokuwepo. Cheryl ni msichana wa Nakuru, anapenda kazi yake na hapendi ubishi, kwa hiyo alivuta pumzi kabla ya kunisimamisha kwenye ngazi.

"Mama Angie, usiskie vibaya," akasema. "Huyu mzee na mimi hafungi hata button moja. Physio ameniuliza mbona siku zako anafunga zote."

"Kwa sababu anafunga zote," nikamwambia. "Mimi namwona."

"Na ukimwona, wewe mikono yako iko wapi?"

"Nashikilia tu shati. Hapa kwa ukosi. Ili lisitelezeteleze."

Cheryl alinitazama tu, akapanda ngazi.

Nami nikateremka, nikavuka barabara, nikafika kituoni, na hapo nikasimama huku basi likija na kuondoka. Nashikilia tu shati. Nilijiona: vidole vyangu kwenye ukosi, halafu kwenye kifungo cha kwanza, kukisogeza kidogo tu kielekee tundu lake, halafu cha pili, huku nikimwambia mzee "well done, well done." Na yeye akiniamini. Nikaona na mikono mingine, ile inayosimama nyuma ya kichwa changu nikiwa nimefumba macho.

Alhamisi, 5 Machi

Nilifika kabla yake. Alipoingia sikumwamkia, na kwa Falis hilo ni sawa na kumpiga kofi.

"Falis," nikasema, "wewe huwa unagusa chuma?"

"Kugusa aje?"

"Nikikwama. Unagusa?"

Alikuwa akifunga kitambaa chake upya, akaendelea kukifunga muda mrefu kuliko kitambaa kilivyohitaji. "Naweka tu vidole," akasema. "Viwili viwili. Hata si kushika."

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze, labda. Wallahi sikuhesabu."

"Na tangu Ramadhani?"

"Nimejaribu, abaayo. Vimekataa. Sina kitu mwilini."

Abaayo ni dada kwa Kisomali. Hilo ndilo lililoniwasha. Kwamba hata wiki hizi mbili alikuwa akijaribu. Kwamba kushindwa kwangu kulikuwa ni njaa yake.

Nilimwambia mengi, na si yote mazuri. Nilimwambia nilimtumia kocha namba za uongo mwezi mzima na kuapa ni za kweli. Nilimwambia kanisa zima limechapisha fulana kwa vidole vyake. Nilimwambia kilo zile zilikuwa kitu changu kimoja, kimoja tu, na yeye amekifanya harambee bila hata kuniomba ruhusa.

Alinisikiliza amesimama. Kisha akasema, "Wewe unafumba macho, kwa hiyo hujioni. Unatoa sauti kama mtu anazaa. Sasa mimi nisimame hapo na mikono yangu mizima nikuangalie? Mtu wa aina gani anafanya hivyo?"

"Spotter," nikamwambia. "Mtu wa aina hiyo anaitwa spotter."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Sikusukuma kitu. Nilikaa kwenye benchi la kuinuka nimeegemea, mpaka mwenye zamu ya wanaume akaja kugonga mlango.

Jioni nilimsimulia Jairus. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamwambia kweli, lakini vinne vinainua kilo saba na nusu, nikaenda kulala.

Jumamosi, 7 Machi

Nilimweleza Amandeep yote, nikimwomba radhi kwa jinsi nilivyomnunia. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Sikuona cha kuchekesha. Kisha akaniwekea chuma, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akanipima upya. Mikono ya karibu, peke yangu: hamsini. Benchi la kuinuka: arobaini na mbili na nusu.

Akasema sasa hesabu inaingia akilini. Nguvu zangu zilikuwa zikihama vizuri siku zote, ila nilikuwa nikimwandikia za watu wawili, na za kuhama ni za mmoja. Tena kwa kusukuma kilo nisizoziweza nilikuwa nachoka bila kukua. Atanishusha, nifanye kilo chache kwa kurudia mara nyingi, kila moja yangu mwanzo hadi mwisho. Nikamwuliza kuhusu sitini. Akatikisa kichwa. Kwa wiki hizi zilizobaki, hamsini na saba na nusu, na hiyo nikiwa na bahati.

Nimekasirika kwamba nimefarijika.

Jumapili, 8 Machi

Nimesimama kanisani nikawaambia si sitini tena. Mchungaji Kimani akasema kwa Mungu hakuna lisilowezekana. Nikasema naam, lakini kwa Amandeep lipo. Orpha akasema fulana zimeshatoka na hazirudi.

Jumanne, 10 Machi

Falis hakuja. Nilifunga zile nguzo za usalama pembeni ya benchi, zikidake chuma kikinishinda, nikasukuma peke yangu. Arobaini na tano na mikono ya karibu, mara nyingi. Jimu ilikuwa kimya mno. Nilimkumbuka, na hilo nalo likanikera.

Jumatano, 11 Machi

Kwa Mzee Whitlock nimeiweka mikono yangu mfukoni. Kifungo kimoja, dakika nyingi, alinitukana mara mbili. Nimeandika kimoja.

Alhamisi, 12 Machi

Falis amekuja. Ameketi pembeni muda, halafu akaja akasimama mahali pake bila kuambiwa.

"Nilipofika hapa kutoka Uholanzi," akasema, "nilikuwa na pacha kwenye kigari na mmoja mgongoni. Pale stesheni, ngazi zile, lifti imekufa. Nikavuta kigari ngazi kwa ngazi. Watu wamepita, Peninah. Watu wazima na mikono yao. Nilisema mimi nikiona mtu amelemewa, sitapita. Basi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa radhi au kwa ugomvi, si kwa ngazi. Mimi nilipofika nilipokewa na basi zima la kanisa. Sijawahi kufikiria mtu aliyefika akakuta hakuna hata kidole.

Nikamwambia, "Hukunipita. Lakini hiki nataka kukivuta mwenyewe."

"Sasa mikono niipeleke wapi?"

Lilikuwa swali la kweli. Alijaribu kuikunja nyuma, ikatoka yenyewe nilipoanza kutetemeka. Akaiweka kwapani, ikatoka. Mwishowe nikafunga zile nguzo za usalama, nikamwambia akae kwenye benchi la jirani na aikalie mikono yake. Akaikalia. Nilipokwama alitoa sauti kubwa kuliko yangu, lakini hakuinuka.

Tulikaa chumba cha kubadilishia nguo tukingoja magharibi. Alifuturu kwa tende na sambusa, nami nikala sambusa zake nne kama mtu aliyefunga.

Jumanne, 17 Machi

Mikono ya karibu, hamsini na mbili na nusu. Macho wazi. Yangu.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Falis ametuma sahani ya halwa na ujumbe: mikono imepata nguvu tena, jihadhari.

Jumamosi, 21 Machi

Hamsini na saba na nusu imegoma, lakini juu zaidi kuliko pale pa siku zote. Amandeep amefurahi. Mimi la. Nimechoka kufurahia vitu vilivyogoma.

Jumatatu, 23 Machi

Mzee Whitlock, vifungo vitatu, kimoja kwenye tundu lisilo lake. Nilichelewa kufika kwa mteja mwingine. Nimeandika vitatu.

Jumamosi, 28 Machi

Jua, mara ya kwanza wiki hii, na mimi nikakaa ukumbini bila dirisha kutwa.

Basi dogo la kanisa lilifika kabla ya waamuzi. Fulana ishirini na kitu, zote 60 mgongoni. Walipanga pilau kwenye meza ambayo baadaye tuliambiwa ni ya waamuzi, ikabidi ipangwe upya. Jairus alikuwa akimweleza kila aliyepita kwamba mimi ni mke wake. Angeline alijifanya hatujui mpaka jina langu lilipoitwa, halafu nikamsikia akipiga kelele kuliko wote. Falis alikaa safu ya mbele kabisa, karibu na Orpha, amevaa nguo zake za Idi.

Mtu hupewa nafasi tatu. Ya kwanza, hamsini, nilipita. Ya pili, hamsini na tano, nilipita, na waamuzi watatu wakakubali wote. Ya tatu Amandeep akaenda mezani kutaja kilo. Kanisa likaanza: sitini, sitini, sitini, huku Orpha akiongoza kwa makofi. Nikamwangalia Amandeep, naye akaniangalia. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ningeshindwa na wote wangesema nilijaribu, na wangenipa pole kwa pamoja. Nikatikisa kichwa. Akaandika hamsini na saba na nusu.

Nilikaa kwenye benchi, uso kwa watu. Falis aliinua paja moja, akaingiza mkono chini yake, akainua la pili, akaingiza mwingine. Hakutabasamu. Nikalala.

Chuma kilishuka, kikatulia kifuani, mwamuzi akasema, nikasukuma. Kikapanda hadi pale pale ninapopajua kuliko chumba changu cha kulala, kikasimama. Safari hii macho yalikuwa wazi. Nikaona doa la maji kwenye dari. Watu wote walikuwa wamenyamaza, hata Orpha, na hakuna aliyesema ni wewe. Mikono ilitetemeka, nikasikia sauti kama ya mtu anayezaa na nikajua ni yangu, na nikasukuma doa lile kwa hasira zangu zote za tangu Oktoba. Kikasogea. Kidogo, halafu kidogo tena, halafu viwiko vikanyooka.

Mwamuzi mmoja alikataa. Wawili walikubali. Inatosha wawili.

Vigelegele vilifanya watu wa meza wazibe masikio. Nilibebwa, nikavutwa, nikamwagiwa chai. Nilikuwa na furaha, naandika wazi, furaha iliyoniuma kifuani kuliko chuma. Falis alifika wa mwisho kwa sababu alishindwa kuinuka haraka. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, hata kupiga makofi hakuweza. Alinionyesha viganja, na vilikuwa vimechorwa mistari ya kiti.

Orpha akageuka, akavuta fulana yake mgongoni, akauliza, "Sasa hizo ndizo sitini?"

"Hapana," nikasema. "Hamsini na saba na nusu."

"Tutawaambia kanisa sitini," akasema. "Hapo tunaongezea tu kidogo."

Falis akamshika mkono kwa kiganja kile kilichochorwa, taratibu, kwa adabu zote.

"Mama, hata hiyo nusu msiiguse," akamwambia. "Ni yake."